Sheikh Mbaruk wa Gasi: Shujaa wa Pwani ama Mdosi wa Genge?

Ukidandia bodaboda pale Ukunda ukaelekea njia ya Lunga Lunga, pita Kinondo, na kabla ufike Msambweni kata kushoto kuelekea bahari. Hapo ni Gasi. Wasee wengi huenda kuona mikoko, wanatembea kwenye ile njia ya mbao ya akina mama, wanapiga picha na kurudi Diani. Fiti kabisa. Lakini miaka 130 hivi iliyopita, hako kakijiji kalikuwa maskani ya jamaa aliyewakosesha usingizi masultani wa Zanzibar na Waingereza.

Si unazijua filamu za magenge ya pikipiki ya Majuu? Mdosi mmoja, vijana waaminifu hadi kufa, mzigo unasafirishwa usiku, na wakubwa wa serikali wanajifanya hawaoni. South Coast ilikuwa na yake kabla pikipiki zifike. Badala ya injini kulikuwa na bunduki na majahazi. Mdosi aliitwa Mbaruk bin Rashid al-Mazrui.

Mtoto wa familia iliyopokonywa mji

Ili umwelewe, rudi nyuma kidogo. Wamazrui ndio walitawala Mombasa kwa karibu miaka mia moja. Mwaka wa 1837, Seyyid Said wa Oman na Zanzibar akawashinda, akawakamata wakubwa wao na kuwapeleka uhamishoni Bandar Abbas, kule Uajemi. Hawakurudi. Mmoja wao alikuwa Rashid bin Salim, babake Mbaruk. Kijana mwenyewe alikuwa bado mdogo sana.

Familia iliyobaki ikagawanyika. Wengine wakaenda Takaungu, upande wa Kilifi, wengine wakashuka Gasi. Mbaruk alipokuwa mkubwa na kushika uongozi wa Gasi, deni lilikuwa moja tu kichwani: Mombasa ni yetu.

Akaanza kusumbua. Alipigana na Sultani Majid, akapigana na Sultani Barghash. Akizidiwa anaomba amani, akipata nguvu anaanza tena. Maficho yake yalikuwa Mwele, ngome ya msituni upande wa vilima vya Shimba. Mwaka wa 1882, jeshi la sultani chini ya Mwingereza Lloyd Mathews lilimzingira huko. Ngome ikaanguka, lakini Mbaruk alikuwa ashaingia mitini.

Doh ilitoka wapi?

Hapa ndipo stori inakuwa chungu, so usiruke. Mbogi ya watu wenye bunduki hailishwi na hewa.

Mwaka wa 1872 tufani kubwa iliangusha mikarafuu ya Unguja. Mashamba ya Pemba yakawa ndiyo dili, na yalitaka watu wa kufanya kazi. Mwaka uliofuata, Barghash akalazimishwa na Waingereza kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Wewe unajua kitu kikipigwa marufuku na wateja bado wapo, nini hutokea. Bei inapanda, na biashara inahamia usiku. Pwani ya Gasi, na mikoko yake na vijito vya kujificha, iko karibu sana na Pemba. Ilikuwa kama imetengenezwa kwa hiyo kazi.

Watu wa Mbaruk walivamia vijiji vya bara, wakateka watu na mifugo. Njaa ilipopiga miaka ya 1883 na 1884, kuna familia za Wamijikenda zilizoweka watoto wao rehani kwa matajiri wa pwani ili zipate chakula. Wengi wa hao watoto hawakurudi nyumbani, waliuzwa.

Halafu kuna kitu kitakuchanganya: ndani ya hiyo hiyo mbogi kulikuwa na watumwa waliotoroka mabwana wao. Kwa Mbaruk walipata bunduki na mahali pa kusimama kama wanaume. Genge lilikuwa kimbilio la mmoja na jinamizi la mwingine.

Serikali ikamweka kwa mshahara

Mwaka wa 1888 kampuni ya Waingereza, IBEA, ilipewa kibali cha kusimamia pwani. Unadhani ilimkamata? Wapi! Ilimlipa. Mbaruk akawa anapokea pesa na kuwatolea askari. Uhalifu wake ulisahaulika ghafla, juu alikuwa na manufaa.

Ngori ilianza Februari 1895, mzee wa Takaungu alipofariki. Kampuni ikamchagua mrithi iliyempenda, yule aliyenyimwa akaasi, na Mbaruk akavutwa ndani. Julai 1 Uingereza ikatangaza kuwa inatawala moja kwa moja. Agosti, Admeri Harry Rawson akapanda Mwele na wanamaji, akaiteka. Huyo Rawson ndiye mwaka uliofuata alipiga kasri la Zanzibar kwa mizinga, vita vya dakika 38.

Mbaruk hakukata tamaa. Aliendelea kupigana msituni kwa miezi, vijiji vikichomwa, hadi Waingereza wakaleta wanajeshi kutoka India. Aprili 1896 alivuka mpaka na wafuasi zaidi ya elfu moja, akajisalimisha kwa Wajerumani. Alifia Dar es Salaam mwaka wa 1910. Mombasa hakuwahi kuipata.

Sasa tumwiteje?

Waingereza walimwita mhalifu, lakini walimwita hivyo baada ya kuacha kumlipa. Na utumwa wenyewe waliuacha uendelee kutambuliwa kisheria hapa pwani hadi 1907. So hawana kiti cha juu cha kumhukumu.

Lakini usikimbilie kumvika taji pia. Alipigana na mabeberu, ndiyo, na kwa ujasiri. Ila vita vyake vilikuwa vya kurudisha kiti cha familia, na waliolipia ni watoto wa Wadigo na Waduruma ambao majina yao hakuna aliyeyaandika.

Nyumba yake bado iko Gasi, na iliwahi kutumika kama shule. Siku ukienda kuona mikoko, pitia hapo. Na kama kuna mdosi mtaani kwenu anakuita kwa base, anakuahidi heshima na chapaa, kumbuka wale elfu moja waliovuka mpaka wakaacha makwao nyuma. Muulize tu swali moja: hii doh, ni nani anailipia?