John Eccles: Aliyetetea umeme wa neva kwa miaka, kisha akaipindua hoja yake mwenyewe

Daktari akikugonga kidogo chini ya goti, mguu unaruka mbele. Msuli wa mbele ya paja umekaza. Wakati huohuo, msuli wa nyuma umelegea. Sasa huo wa nyuma, nani kauambia ulegee?

Swali hilo lilichukua miaka mingi ya maisha ya John Carew Eccles.

Alizaliwa Melbourne, Australia, Januari 27, 1903. Alihitimu udaktari mwaka 1925, akapata ufadhili wa Rhodes na kwenda Oxford, Uingereza, kufanya kazi na Charles Sherrington. Huyu ndiye aliyeleta jina sinapsi, yaani pale seli moja ya neva inapokutana na nyingine. Alishaonyesha pia kwamba neva zina amri za aina mbili: kuchochea na kuzuia.

Lakini ujumbe unavukaje pale kwenye sinapsi? Hapo ndipo ubishi ulipoanzia. Henry Dale na wenzake walisema ni kemikali. Eccles akakataa. Kwake yeye ulikuwa umeme, maana aliona kemikali isingeweza kufanya kazi kwa kasi ile. Walibishana miaka na miaka, ingawa urafiki haukuvunjika.

Mwaka 1937 alirudi Australia, na 1944 akahamia Dunedin, New Zealand. Huko akafahamiana na mwanafalsafa Karl Popper, aliyemfundisha jambo moja kubwa: nadharia ya kisayansi lazima iwekwe wazi kiasi kwamba jaribio linaweza kuiangusha, na ikianguka si aibu. Eccles akafanya hivyohivyo na nadharia yake ya umeme.

Agosti 1951 ukafika mtihani wenyewe. Yeye, Lawrence Brock na John Coombs waliingiza mrija wa kioo, mwembamba mno, ndani ya seli ya neva kwenye uti wa mgongo wa paka aliyepewa dawa ya usingizi. Seli ya namna hiyo ikiwa imetulia huwa na takriban milivolti -70. Wakachochea neva ya msuli wa mbele ya paja, huku wakipima seli inayoendesha msuli wa nyuma.

Nadharia ya Eccles ilitabiri kipimo kingesogea kuelekea sifuri. Kumbe kikashuka chini zaidi! Umeme wa aina aliyoitetea usingeweza kufanya hivyo. Eccles hakutafuta visingizio. Alikubali kwamba Dale ndiye alikuwa sahihi, na mwaka 1952 matokeo yakachapishwa.

Jaribio hilo lilisaidia kueleza seli ya neva inavyoamua. Seli moja inaweza kupokea ujumbe kutoka maelfu ya sinapsi. Ujumbe wa kuchochea unasogeza kipimo juu, wa kuzuia unakivuta chini. Seli inajumlisha yote. Kikifika karibu milivolti -55, inatuma ishara mbele. Kisipofika, inakaa kimya.

Breki hizo si jambo dogo. Baadaye, akiwa Canberra, Eccles na wenzake walionyesha kwamba sumu ya pepopunda inazima ujumbe wa kuzuia kwenye uti wa mgongo. Ndiyo maana mgonjwa wa pepopunda taya hubana na mwili hukakamaa: misuli inaambiwa kaza, na hakuna wa kuiambia legea.

Mwaka 1963 Eccles alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Alan Hodgkin na Andrew Huxley. Baadaye alifanya kazi Marekani, akastaafu 1975 na kuhamia Uswisi, alikofariki Mei 2, 1997, akiwa na miaka 94.

Na ule umeme wake? Mwaka 1959 watafiti wengine walionyesha kwamba sinapsi za umeme zipo kweli, ila ni chache kuliko zile za kemikali.