Mama Kevina: Sista aliyefundisha ukunga kabla masista hawajaruhusiwa kuzalisha

Katika miaka ya 1920, kwenye kilima cha Nsambya jijini Kampala, kulikuwa na hali ambayo leo ni vigumu kuieleza kwa mtu akaelewa mara moja. Wasichana wa Uganda walikuwa wakifundishwa ukunga katika hospitali ya masista, wakihitimu na kwenda kuzalisha akina mama. Masista wenyewe, ambao ndio walioianzisha hospitali hiyo na kuiendesha, hawakuruhusiwa na Kanisa lao kufanya kazi hiyo.

Mtu aliyebeba mgongano huo kwa miaka mingi ni Teresa Kearney, mtawa kutoka Ireland. Katika shirika aliitwa Mother Kevin. Waganda walimwita Mama Kevina, na jina hilo likaenea hadi likawa neno la kutajia hospitali au mahali popote pa kuwahudumia wasiojiweza.

Alizaliwa Aprili 1875 karibu na mji wa Arklow, wilaya ya Wicklow. Baba yake, mkulima, alikufa kwa ajali miezi mitatu kabla hajazaliwa. Mama aliolewa tena, akazaa watoto wengine, kisha naye akafariki Teresa akiwa na umri wa miaka 10. Aliyemchukua ni bibi mzaa mama, na huyo ndiye aliyemlea na kumfundisha sala mpaka naye alipofariki, binti akiwa na miaka 17.

Ni simulizi ambayo ingeweza kutoka Masaka, Huye au Kakamega. Mtoto akibaki yatima, anayetafutwa ni bibi au shangazi. Mgonjwa akilazwa, anayelala chini ya kitanda chake hospitalini, akimfulia na kumpikia uji, kwa kawaida ni mama, dada au mke. Kiswahili chenyewe kina kumbukumbu ya jambo hili: neno muuguzi limetoka katika kuuguza, yaani kile ambacho ndugu hufanya nyumbani bila mshahara na bila mtu kukiita kazi. Teresa alikulia katika mpango huo huo, na maisha yake yote yaliuzunguka.

Alisomea kazi ya mwalimu msaidizi, akafundisha kwa muda Uingereza, na mwaka 1895 akaingia shirika la Wafransisko la Mill Hill, London. Alijitolea kupelekwa Marekani kuwahudumia Wamarekani weusi. Wito ulipokuja ulimwelekeza kwingine. Desemba 1902 yeye na masista wengine watano waliondoka London kuelekea Afrika Mashariki, na katikati ya Januari 1903 walikuwa Nsambya. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Ziwa Victoria mwaka mmoja hivi tu kabla yao. Bila hiyo safari ya bara ingekuwa ya miezi.

Aliyewaita ni Askofu Henry Hanlon wa mapadri wa Mill Hill, na wito huo ulikuwa na siasa ndani yake. Miaka kumi na moja nyuma Waganda Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa wamepigana kwa bunduki, upande mmoja ukiitwa Wafaransa na mwingine Waingereza kwa sababu ya wamisionari wao. Mill Hill waliletwa kuonyesha kwamba Mkatoliki si lazima awe mtu wa Wafaransa. Lakini padri hakuweza kuingia kwa urahisi katika maisha ya wanawake wa Kiganda. Kazi hiyo waliachiwa masista.

Walifika wakati mgumu. Ugonjwa wa malale ulikuwa ukiteketeza vijiji vya pwani ya ziwa, Buganda na Busoga. Kabla haujatulia uliua zaidi ya watu 200,000. Masista walifungua zahanati na shule, wakajifunza Kiganda, wakajifunza tiba kwa kuitenda. Kituo cha pili kilifuata Nagalama, kisha mwaka 1913 cha tatu Kamuli, Busoga. Kevina alikuwa ameshakuwa mkuu wao tangu 1910.

Katika huduma za afya za koloni zilizokuwa zikiota wakati huo, kazi ilikuwa ya wanaume kutoka juu hadi chini. Daktari alikuwa Mzungu mwanamume, na Mwafrika aliyefundishwa kufunga vidonda, kugawa dawa na kushika vyombo alikuwa mvulana. Mvulana huyo alihesabiwa kuwa na kazi, tena ya heshima. Dada yake aliyemwuguza nyanya yao kwa miezi sita alihesabiwa kuwa yuko nyumbani tu.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipopigana na Wajerumani upande wa Tanganyika, mizigo ilibebwa vichwani na wapagazi wa Afrika Mashariki, kikosi ambacho jina lake limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa kuliko kwa risasi. Nsambya iligeuzwa mahali pa kuwatibu. Kevina alikasirishwa sana na jinsi wanaume hao walivyotumiwa na kutupwa, na hakuificha hasira yake. Mwishoni mwa 1918 serikali ile ile ilimpa nishani ya MBE kwa kuwahudumia majeruhi.

Vita vilipoisha, neno lililokuwa midomoni mwa watawala na wamisionari Uganda lilikuwa uzazi. Watoto wengi walikufa wachanga. Kabla ya vita madaktari wa kikoloni walikuwa wametangaza kwamba kaswende imeenea kupita kiasi, na mmoja wao alifikia kulaumu uhuru walioupata wanawake wa Kiganda. Takwimu zao zimetiliwa shaka na wanahistoria wa baadaye, lakini hofu ilikuwa ya kweli na ilifungua mlango: fedha na idhini vilipatikana kwa ajili ya kufundisha wakunga.

Kwenye kilima cha Namirembe, hospitali ya Waprotestanti ya Mengo ilianza mapema. Iliongozwa na Dakta Albert Cook, na aliyesimamia mafunzo ya wakunga ni mkewe Katharine, muuguzi aliyesomea London. Yeye hakuwa na kizuizi. Alikuwa mwanamke aliyeolewa, na Kanisa lake halikuona ubaya.

Kwa masista wa Katoliki mambo yalikuwa tofauti. Kanuni za Kanisa kuhusu watawa zilichukulia kwamba mwanamke aliyeweka nadhiri ya usafi hapaswi kuhudumia uzazi. Angeweza kuosha kidonda kinachonuka, kumsafisha mwenye kuhara, kumfumba macho aliyekufa. Mtoto anapotoka ilimlazimu awe nje ya chumba. Watunga kanuni walikuwa wanaume wasioolewa, walioishi mbali sana na mama wa Kamuli aliyeshikwa na uchungu usiku wakati mtu pekee mwenye dawa, taa na maji yaliyochemshwa ni sista.

Kevina hakuvunja kanuni. Aliizunguka. Alimpata Evelyn Connolly, daktari mwanamke ambaye hakuwa mtawa bali mlei, na kwa hiyo hakufungwa na marufuku hiyo. Wawili hao walianzisha Nsambya shule ya uuguzi na ukunga. Wanafunzi nao walikuwa wasichana wa nchi, wasio na nadhiri. Daktari mlei na wanafunzi walei waliweza kuingia chumba cha kujifungulia. Masista walishika sehemu nyingine zote za hospitali.

Mpango huo ulifanya jambo ambalo huenda halikupangwa. Kama masista wangeruhusiwa kuzalisha tangu mwanzo, huenda wangeridhika kuzalisha wao wenyewe, na msichana wa Kiganda angebaki mfagiaji wa wodi. Marufuku iliwalazimisha kumfundisha. Akatokea mwanamke mpya katika kijiji: kijana, anajua kusoma, ana cheti, anaitwa usiku na familia zisizo ndugu zake, na analipwa kwa kazi ambayo wakunga wa jadi waliifanya kwa kuku au kwa shukrani. Wazee hawakumzoea kwa urahisi. Binti alitarajiwa kuolewa, na anayetembea peke yake usiku alikuwa na maelezo ya kutoa.

Mwaka 1923 Kevina alianzisha shirika la masista Waafrika, Little Sisters of St Francis, akiwa na wasichana wanane. Hayakuwa ya kwanza Uganda. Bannabikira wa upande wa White Fathers walitangulia. Lakini ya Kevina yalielekezwa waziwazi kwenye darasa na wodi, na wasichana hao walizigusa familia zao pale palipouma: hakuna mahari, hakuna wajukuu. Leo masista wa shirika hilo wako Uganda, Kenya na Tanzania.

Miaka ya 1930 zilifuata hospitali za ukoma, Nyenga karibu na Jinja na Buluba ng'ambo ya Busoga. Ukoma ulikuwa ugonjwa uliovunja hata ule mpango wa zamani wa mama na dada, kwa kuwa mgonjwa wake alitengwa na wale wale waliopaswa kumwuguza.

Kuhusu marufuku ya uzazi, Kevina alikuwa miongoni mwa wanawake waliokuwa wakiisukuma Roma iiondoe. Hakuwa peke yake. Anna Dengel, daktari kutoka Austria, alikuwa ameanzisha shirika la tiba Marekani mwaka 1925 akiwa na lengo hilo hilo. Mwanzoni mwa 1936 Roma ilikubali: masista katika nchi za misioni wangeweza kusomea udaktari na ukunga, na kuzifanya kazi hizo. Kevina alikuwa anakaribia miaka 61. Alikuwa ameishi Uganda miaka 33.

Ni rahisi kumfanya mtetezi wa usawa wa jinsia kwa maana ya leo, na hiyo isingekuwa kweli. Hakuna dalili kwamba alitaka wanaume waoshe wagonjwa au walee watoto. Alikubali kwamba kuuguza ni kazi ya wanawake, kisha akadai kwamba, kwa kuwa ni kazi yao, wapewe shule na mamlaka juu yake. Sehemu ya kwanza ya imani hiyo ina gharama yake. Hospitali zake zilisimama juu ya masista wasiolipwa mshahara, na hospitali inayozoea mikono ya bure huwa nzito kuipa kazi hiyo bei. Hadi sasa katika wodi nyingi za kanda hii, wauguzi wengi ni wanawake, na anayebeba beseni la mgonjwa pembeni yao ni mwanamke wa familia ambaye hayumo katika hesabu yoyote.

Sehemu ya pili ilifika mbali zaidi ya alivyoweza kuona. Mwaka 1942 shule ya sekondari ya wasichana ilisimama Namagunga, kando ya barabara ya Kampala kwenda Jinja, matunda ya juhudi zake za elimu ya juu kwa wasichana Wakatoliki. Makerere, iliyokuwa ikifundisha madaktari wanaume tangu miaka ya 1920, ilipokea wanawake wa kwanza mwaka 1945. Josephine Nambooze, aliyesoma Namagunga, alihitimu huko mwaka 1959 akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuwa daktari.

Kevina hakuiona siku hiyo. Mwaka 1952 masista wake wa Afrika walikuwa wametenganishwa na Mill Hill na kuwa shirika linalojitegemea, yeye akiwa mkuu wa kwanza. Alistaafu mwaka 1955 akiwa na miaka 80, lakini kustaafu kwake kulikuwa kwa jina tu: alipelekwa Boston, Marekani, nchi aliyoiomba ujanani, akaanza kutafuta fedha kwa ajili ya hospitali za Uganda. Alifariki huko tarehe 17 Oktoba 1957.

Mwili ulisafirishwa Ireland na kuzikwa Mount Oliver, Dundalk, kwenye makao makuu ya shirika lake. Habari ilipofika Kampala, Wakatoliki wa Uganda hawakukubali. Waliomba arudishwe, na wakasikilizwa. Kaburi lilifunguliwa, jeneza likapandishwa ndege, na Desemba 1957, miaka 55 baada ya kuondoka London, alizikwa Nkokonjeru, kwenye makaburi ya lile shirika lililoanza na wasichana wanane.