Tabibu Musa bin Maimun na Maradhi ya Pumu

Musa bin Maimun alizaliwa Qurtuba, katika nchi ya Andalus, yapata mwaka 1138. Alikuwa Yahudi kwa dini, lakini elimu ya tiba aliisoma kwa Kiarabu, katika vitabu vya Wayunani vilivyofasiriwa na vya matabibu wa Kiislamu kama Ar-Razi. Dola ya Al-Muwahhidun ilipoutwaa mji wao mwaka 1148 na kuwadhiki wasiokuwa Waislamu, jamaa zake walihama; wakakaa Fas, wakapita Palestina, na mwisho wakatua Fustat, Misri.

Nduguye Daud alikuwa mfanyi biashara ya vito, na chumo lake ndilo lililoilisha nyumba. Chombo alichopanda kilizama katika Bahari ya Hindi, bahari hii yetu, akafa maji pamoja na mali yake na amana za watu. Musa aliugua kwa huzuni, akalala kitandani karibu mwaka mzima. Alipoinuka, aliifanya tiba kuwa njia ya riziki yake.

Sifa zake zilimfikia Qadhi Al-Fadhil, waziri wa Sultani Salahuddin, akamwekea mshahara. Tangu hapo ikawa kila asubuhi hupanda mnyama wake kwenda Kairo kuwatazama watu wa jumba la kifalme, na alasiri hurejea na njaa yake, akaikuta baraza imejaa Waislamu na Mayahudi, wakubwa kwa wadogo, wote wakimngojea. Aliwatibu mpaka usiku, hata akawa huwaandikia dawa naye amejilaza kwa uchovu.

Yapata mwaka 1190 alimwandikia mtu mmoja wa cheo, aliyekuwa akibanwa na pumu, risala yenye milango 13. Hakumwahidi dawa ya ajabu ya kuung'oa ugonjwa. Alimfunza mwendo wa kila siku: asile mpaka akashiba sana, afanye mazoezi kabla ya kula, alale kwa kiasi, aitulize nafsi yake, na atafute hewa safi. Alieleza jinsi hewa ya mji wenye njia nyembamba na moshi inavyodhuru, akashauri nyumba yenye ua mpana na choo kilicho mbali na makazi. Aliisifu pia supu ya kuku. Na katika maandishi yake mengine aliwakemea waandishi wa hirizi.

Musa alifariki mwaka 1204, sawa na 601 Hijria. Baadhi ya aliyoyasema juu ya vyakula na mizaji yamepitwa na elimu ya leo. Lakini msingi wake umesimama: maradhi yanayokaa na mtu miaka hayatibiwi siku ya kubanwa tu; hutibiwa kila siku, na mgonjwa hana budi afunzwe awe msaidizi wa tabibu wake.

Na hapa ndipo penye msiba wetu. Wangapi miongoni mwetu huificha pumu ya mtoto kama aibu, wakamvisha hirizi, na hospitali wakaikumbuka usiku, midomo ya mtoto imekwisha geuka rangi? Wangapi hupewa dawa mbili za kuvuta, wakaishika ile ifunguayo kifua kwa haraka, na ile itulizayo uvimbe ndani ya mapafu wakaitupa mara waonapo nafuu? Hiyo ya pili ndiyo ilindayo roho, nayo hutumiwa kama alivyoagiza daktari, hata siku ambayo kifua ni cheupe. Tena yafaa mgonjwa afunzwe namna ya kuivuta, na nyumba yake iepushwe na moshi wa tumbaku, wa kuni na wa makaa.

Waziri wa Salahuddin hakuona haya kuitafuta elimu kwa Yahudi mgeni. Sisi tunaona haya gani kumwuliza daktari wa mtaani petu? Dua ni ibada, na dawa ni sababu. Mwislamu hushika zote mbili.

Wallahul-Muwaffiq.