Maisha ya Marehemu Nuhu Mbogo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad. Ndugu Waislamu, kila Ijumaa twapanda kilima cha Kibuli, twaingia msikitini bila ya kuomba ruhusa ya mtu. Basi yatupasa kumkumbuka mzee aliyeishi siku ambazo kusali kwaweza kumtoa mtu roho yake au nchi yake.

Nuhu Mbogo alikuwa mwana wa Kabaka Suna wa Pili, na ndugu yake Kabaka Mutesa wa Kwanza. Mutesa alisali na kufunga Ramadhani, lakini hakutahiriwa. Mwaka 1876 vijana wa jumba lake walikataa kusali nyuma yake na kula nyama ya machinjo yake. Wapatao 70 wakauawa Namugongo.

Mambo yakageuka. Mwaka 1888 Waislamu walimtawaza Kalema. Kisha wakashindwa vitani, wakakimbilia upande wa Bunyoro. Kalema alipofariki kwa ndui mwaka 1890, walimfanya Mbogo mfalme wao. Mwaka 1892 alikuja Kampala kwa mapatano na Kapteni Lugard, akauacha ufalme, na watu wake wakapewa Butambala, Gomba na Busujju.

Amani hiyo haikutimia miaka miwili. Mwezi wa Juni 1893 Selim Bey, mkubwa wa askari wa Kisudani, alisema kuwa atawatetea Waislamu wakishambuliwa. Kapteni Macdonald, aliyeshika serikali wakati huo, aliyahesabu maneno hayo kuwa uasi. Selim alikamatwa, akafia njiani huko Naivasha. Mbogo alihamishwa akapelekwa Unguja, na Waislamu wakanyang'anywa Gomba na Busujju. Sala haikukatazwa, bali jamaa nzima ilidhaniwa kuwa chama cha hatari, ikaondolewa kichwa chake.

Mbogo alirejea mwaka 1895. Mwaka 1897 askari wa Kisudani, ndugu zake katika dini, waliasi, naye hakuwafuata. Je, ulikuwa woga? Mwenye kuhukumu na azikumbuke saza mbili zilizopotea, na watu ambao wangalilipa tena kwa neno moja la kiongozi wao.

Katika Mapatano ya mwaka 1900 alitoa haki zake, akapewa pauni 250 kila mwaka maisha yake yote, na maili 24 za mraba kwa ajili yake na wafuasi wake. Alitoa kiti ili Waislamu wapate mahali pa kukaa.

Alifariki mwaka 1921. Mwanawe, Badru Kakungulu, alitoa ardhi ya kilima hiki, na msikiti wetu ukafunguliwa mwaka 1951. Aliyenyimwa baba kwa amri, mwana alikitoa kwa hiari.

Mwenyezi Mungu amrehemu, amlaze mahali pema. Amin.