STAYMAN: Bingwa wa karata aliyepewa jina la mbinu ya mwenzake

MIAKA mingi iliyopita, nikiwa mwalimu kijana mjini Mombasa, nilikuwa na jirani mzee aliyestaafu ukarani. Kila Jumamosi baada ya alasiri alikuwa akitandika mkeka barazani kwake na kuita watu watatu. Hakutaka bao wala dama. Alitaka briji.

Sisi vijana tulijua karata za mtaani tu. Arubastini tulikuwa tukicheza hadi usiku wa manane. Tulijua turufu ni nini, tulijua shupaza, kopa, uru na pau, majina ambayo Wareno walituachia Pwani pamoja na ngome yao. Lakini briji tulidhani ni mchezo wa wazungu wa klabu, watu wa kunywa chai kwa kikombe chenye kisahani.

Mzee alitufundisha kwa subira. Na siku moja alinitia adabu kwa karata ambazo nazikumbuka hadi leo.

Alikuwa mwenzangu, ameketi mkabala nami. Alifungua mnada kwa dau la moja bila turufu. Mimi nilikuwa na ree na ghulamu wa kopa pamoja na karata mbili nyingine za kopa, mfalme na malkia wa pau na pau mbili ndogo, malkia wa shupaza na shupaza mbili ndogo, halafu uru mbili dhaifu, tisa na mbili. Nilipiga hesabu nikaona tuna nguvu tele. Bila kufikiri mara mbili nikaruka hadi tatu bila turufu.

Wapinzani walianza na uru. Wakala raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano. Mzee naye alikuwa na uru mbili tu, nane na nne. Tukaanguka kwa raundi moja, huku mikononi mwetu tukiwa tumekalia utajiri usiotufaa kitu.

Mzee hakugomba. Alifunua karata zake akanionyesha kopa nne: mfalme, malkia, saba na mbili. Akaniambia kwamba lau ningemuuliza kwa Stayman, tungekuwa na kopa nane baina yetu, tungefanya kopa kuwa turufu, na wapinzani wangekula uru mbili pekee. Sisi tungekula raundi kumi na moja, moja zaidi ya zilizohitajika.

Nilimuuliza huyo Stayman ni nani. Nilidhani ni neno la Kiingereza tu. Kumbe ni jina la mtu, na kisa chake kimenifuata tangu siku hiyo.

Mtoto wa Worcester

Samuel Stayman alizaliwa Mei 28, 1909 mjini Worcester, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Alisoma katika chuo cha Dartmouth, akaendelea hapo hapo na masomo ya biashara. Alipomaliza, mwanzoni mwa miaka ya 1930, uchumi wa Marekani ulikuwa umeporomoka na watu wenye shahada walikuwa wakipanga foleni za kuomba kazi.

Yeye aliingia katika biashara ya nguo, na baadaye akawa mtu wa kusimamia uwekezaji wa fedha. Kwa hivyo karata hazikuwa mkate wake. Zilikuwa mapenzi yake. Lakini mapenzi hayo ndiyo yaliyompa jina linalotajwa mezani kila siku, ilhali wafanyabiashara wenzake wa wakati ule wamesahaulika.

Briji wenyewe ulikuwa mchezo mchanga. Ilikuwa mwaka wa 1925 ambapo tajiri Harold Vanderbilt, akiwa safarini melini kutoka California kwenda Havana kupitia mfereji wa Panama, alitunga namna mpya ya kuhesabu pointi. Mchezo wa zamani ukavuliwa ngozi na huu wa sasa ukazaliwa. Miaka michache baadaye, Ely Culbertson aliueneza kwa vitabu, kwa redio na kwa jarida la The Bridge World, alilolianzisha mwaka wa 1929.

Katika enzi hiyo ya moto ndipo Stayman alipokua. Alihamia ulimwengu wa mabingwa wa New York, na huko akakutana na kijana aliyezaliwa mwaka wa 1915 kwa jina George Rapée. Wakawa wenzi wa meza.

Swali lililokosa mdomo

Msomaji asiyeujua mchezo huu naomba anivumilie kidogo, maana bila haya kisa hakieleweki.

Briji huchezwa na watu wanne, wawili wawili. Kila mmoja hupata karata 13. Kabla ya kucheza kuna mnada, ambapo kila upande hutangaza utakula raundi ngapi zaidi ya sita, na kwa turufu ipi, au bila turufu kabisa. Ni marufuku kumwambia mwenzako kwa maneno una karata gani. Madau ndiyo lugha yenu ya pekee.

Nguvu ya mkono hupimwa kwa pointi: ree nne, mfalme tatu, malkia mbili, ghulamu moja. Karata zote 52 zina pointi 40. Anayefungua kwa moja bila turufu anasema kwamba mkono wake umesawazika na una nguvu. Zamani za Stayman kwa kawaida ilikuwa pointi 16 hadi 18. Siku hizi wengi hutumia 15 hadi 17.

Sasa mzigo unamwangukia mwenzake. Ni lazima ajibu. Akiwa dhaifu na mkono umesawazika, hupita. Akiwa na pointi za kutosha, pande mbili zikifika 25 au 26, huenda kwenye tatu bila turufu, yaani raundi tisa, ambazo huleta pointi 100 za kumaliza duru. Dau la nne kwa kopa au shupaza nalo hutosha, kwani kila raundi huleta 30, lakini huhitaji raundi kumi.

Mtu atauliza: kwa nini uhangaike na raundi kumi ilhali tisa zinatosha? Jibu ni lile nililofundishwa barazani. Bila turufu, mlango mmoja ulio wazi unatosha kumwingiza mwizi. Mkiwa na turufu nane, nne huku na nne kule, mlango huo mnaufunga.

Shida ilikuwa hii: utajuaje kwamba mwenzako ana kopa nne au shupaza nne? Katika madau ya wakati ule hapakuwa na njia nzuri ya kumuuliza. Wachezaji walikuwa wakibahatisha kama nilivyobahatisha mimi.

Rapée ndiye aliyepata ufunguo. Aliona kwamba jibu la mbili pau halikuwa na kazi ya maana. Pau huleta pointi 20 tu kwa raundi, na ni mara chache mtu hutajirika kwa kucheza mbili pau. Basi akalichukua dau hilo na kulifanya swali. Mbili pau sasa haikusema lolote kuhusu pau. Iliuliza: je, una karata nne za kopa au za shupaza?

Aliyefungua akiwa na kopa nne, hujibu mbili kopa. Akiwa na shupaza nne, hujibu mbili shupaza. Akikosa zote, hujibu mbili uru, ambayo nayo haisemi lolote kuhusu uru. Anayeuliza kwa kawaida huhitaji pointi nane au zaidi, ili jibu lolote litakalokuja lisimtupe shimoni.

Walitoa sadaka kitu kidogo wakapata kikubwa.

Makala ya mwaka wa 1945

Juni 1945, vita vya Ulaya vikiwa vimekwisha mwezi mmoja tu kabla, The Bridge World lilichapisha makala kuhusu mbinu hiyo. Aliyeandika hakuwa Rapée. Alikuwa Stayman.

Wasomaji waliipenda, wakaanza kuitumia, na kama ilivyo kawaida ya watu, wakaipa jina la yule waliyemsoma. Tangu hapo mbili pau ikawa Stayman. Rapée alibaki bila mbinu yenye jina lake, ingawa historia ya mchezo inakiri kwamba fikra ilikuwa yake.

Tena hakuwa peke yake. Ng'ambo ya bahari, Mwingereza Jack Marx, mmoja wa waasisi wa mfumo wa Acol unaotumika sana Uingereza, alikuwa ametunga jambo lile lile mwaka wa 1939. Vita vikazuka. Makala yake ilichapishwa mwaka wa 1946, mwaka mmoja baada ya ya Stayman. Kama ni mbio, Marx aliondoka kwanza akafika wa pili.

Nimelifikiria sana jambo hili. Watu wawili walitunga, wa tatu akaandika. Jina likaenda kwa mwenye kalamu.

Je, Stayman alikuwa mwizi? La hasha. Kwanza, alikuwa mchezaji mkubwa kwa haki yake. Mwaka wa 1950, yalipoanzishwa mashindano ya dunia ya Bermuda Bowl huko Bermuda, alikuwa katika timu ya Marekani iliyozishinda timu ya Uingereza na ile ya pamoja ya Sweden na Iceland. Mwaka wa 1951 walikwenda Naples wakawashinda Waitaliano. Mwaka wa 1953 wakawashinda Waswidi jijini New York. Mara tatu bingwa wa dunia.

Na katika timu zote tatu, George Rapée alikuwamo. Mtu aliyedhulumiwa hakai miaka yote hiyo katika timu moja na aliyemdhulumu. Katika briji hasa, mwenzi usiyemwamini ni mwenzi asiyekufaa.

Ushindi haukudumu milele. Mwaka wa 1956 Stayman alikuwa katika timu iliyokwenda Paris na kushindwa na Wafaransa, na miaka iliyofuata ikawa ya Waitaliano. Lakini nyumbani Marekani aliendelea kutwaa vikombe, na akaandika vitabu vya kuufafanua mfumo wake, kimoja mwaka wa 1956 na kingine mwaka wa 1965 ambacho jina lake ni swali la iwapo msomaji hucheza Stayman.

Jina kinyumenyume

Kuna kioja kingine. Stayman baadaye aliipigia debe mbinu ya kufungua kwa nne pau au nne uru ili kuonyesha mkono mzuri wenye kopa ndefu au shupaza ndefu. Tatizo likawa jina. Stayman tayari ilikuwapo. Basi jina lake likapinduliwa, likasomwa kutoka nyuma: Namyats.

Uingereza mbinu hiyo hiyo inajulikana kwa jina linaloitaja Afrika Kusini. Naam, hata bara letu lina kiti katika meza hii, ingawa Marekani hawalitaji.

Nao waliofuata walijifunza kwa njia iliyofunguliwa na mbili pau. Mara madau yalipoachiliwa yasiseme yanachosema, milango mingine ikafunguka. Mmarekani Oswald Jacoby mwaka wa 1956 aliandika kuhusu kujibu bila turufu kwa mbili uru ukimaanisha kopa tano, na mbili kopa ukimaanisha shupaza tano, ili mwenye mkono wa nguvu ndiye acheze na karata zake zibaki zimefichika. Hiyo nayo ina jina la Jacoby, ilhali Olle Willner wa Sweden alikuwa ameandika fikra kama hiyo miaka michache kabla yake. Msomaji ataona kwamba mkasa wa Rapée haukuwa wa kwanza wala wa mwisho.

Stayman alifariki Desemba 1993 akiwa na umri wa miaka 84. Rapée alimfuata mwaka wa 1999.

Deni langu

Kwa nini nasimulia haya? Kwa sababu nami nimewahi kuwa Stayman, na mimi sikuwa na vikombe vya kujitetea.

Katika shule niliyofundisha, mwalimu mwenzangu tuliyepakana meza alibuni njia ya kufundisha ngeli kwa kutumia vipande vya kadi. Aliniazima. Mkaguzi alipokuja alinikuta mimi darasani na kadi zile. Katika kikao cha walimu nilisifiwa mbele ya wote. Mwenzangu alikuwa ameketi viti viwili kutoka kwangu. Nilingoja aseme. Yeye alingoja niseme mimi. Kikao kikafungwa.

Hakuwahi kulitaja jambo lile. Tuliendelea kunywa chai pamoja hadi alipohamishwa. Amekwisha kutangulia mbele ya haki, na neno lile bado limo kinywani mwangu.

Mzee wangu wa barazani alikuwa na desturi moja ambayo wakati ule niliiona ya kuchekesha. Kila aliposema mbili pau, na mwenzake akauliza kama ni Stayman, alikuwa akijibu kwamba ni ya Rapée. Vijana tulicheka, maana hatukumjua Rapée ni nani.

Leo, ninapocheza na wajukuu zangu, nami hujibu vivyo hivyo. Wanacheka. Kisha huuliza Rapée ni nani, nami huwasimulia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.