John Chapman: Mpanda matufaha aliyekataa kubebesha miche

WATOTO wengi wa Marekani humfahamu John Chapman kwa jina la utani la Johnny Appleseed, mzururaji mpole aliyetembea peku akigawa mbegu za matufaha. Nyuma ya hadithi hiyo alikuwapo mfanyabiashara hodari wa miche, ambaye matufaha yake mengi hayakufaa kutafunwa.

Chapman alizaliwa Septemba 26, 1774 mjini Leominster, jimbo la Massachusetts. Mama yake alifariki dunia mwaka 1776, wakati wa vita vya kupigania uhuru dhidi ya Uingereza, ambavyo baba yake, Nathaniel, alishiriki. Alipokua alielekea magharibi. Kwanza Pennsylvania, kisha Ohio na hatimaye Indiana.

Ilikuwa zama za walowezi kumiminika huko. Kampuni iliyogawa ardhi katika sehemu ya Ohio iliwataka wapande mitufaha 50 na mipichi 20 ndani ya miaka mitatu, kuthibitisha kwamba wamekuja kukaa. Chapman aliliona soko hilo mapema. Alichukua mbegu kwenye makapi ya mitambo ya kukamulia matufaha, akawatangulia walowezi kando ya mito na kuotesha vitalu alivyovizungushia uzio. Walipofika, walikuta miche inawasubiri kwa senti chache.

Tatizo lilikuwa kwenye mbegu yenyewe. Tufaha halizai mfano wake. Ua la mtufaha kwa kawaida huhitaji chavua ya mti wa aina nyingine, hivyo kila mbegu hubeba mchanganyiko mpya wa urithi. Mbegu tano za tunda moja tamu huweza kutoa miti mitano tofauti, mingi ikiwa na matunda madogo na machachu. Njia ya uhakika ya kupata tunda lile lile ni kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo cha mti bora kwenye shina la mche mwingine.

Wakulima walikuwa wakiifahamu njia hiyo kwa karne nyingi, lakini Chapman aliikataa. Alikuwa mfuasi wa mafundisho ya Emanuel Swedenborg wa Sweden, na inaelezwa kwamba aliona kukata mti ili kuubebesha ni kuutesa.

Walowezi hawakulalamika sana. Matufaha machachu yalikamuliwa na kuwa pombe, kinywaji kilichokuwa cha kila siku katika kaya za huko, na mengine yakageuzwa siki au kulishwa nguruwe.

Chapman hakuoa. Alifariki dunia mwaka 1845 karibu na Fort Wayne, Indiana, akiwa na umri wa miaka 70. Mtu huyo aliyevaa matambara aliacha zaidi ya ekari 1,000 za ardhi, ambazo sehemu yake iliuzwa kulipia kodi.

Msimamo wake, hata hivyo, haukuwa hasara tupu. Kati ya maelfu ya miche ya mbegu, mmoja mmoja hutokea kuwa bora kuliko wazazi wake. Tufaha maarufu la Red Delicious lilianza hivyo, kwa mche uliojiotea katika shamba moja jimboni Iowa katika karne ya 19. Ili lifike sokoni likiwa na sura na ladha ile ile, ilibidi mti huo ubebeshwe, kazi ambayo Chapman hakukubali kuifanya maisha yake yote.