Mwalimu Nyerere na darasa la watoto wasiolingana

Msikilizaji, ukiingia darasa la shule ya msingi hapa kwetu Kenyamonta utakuta watoto wa kila aina. Yupo anayesoma hadithi bila kukwama. Yupo anayeunganisha silabi kwa kidole. Yupo pia anayezungumza Kikuria au Kingoreme nyumbani, na Kiswahili anakutana nacho shuleni.

Julius Kambarage Nyerere, aliyezaliwa Butiama mkoani kwetu Mara mwaka 1922, aliwahi kukaa katika darasa la namna hiyo.

Arushwa darasa

Alianza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na miaka 12. Lugha yake ilikuwa Kizanaki, na masomo yalikuwa kwa Kiswahili, kwa hiyo ilibidi ajifunze lugha na masomo kwa pamoja. Mtu wa haraka angesema huyu kachelewa. Lakini baada ya miezi kama sita, matokeo ya mtihani yalionyesha uwezo wake na akarushwa darasa. Mwaka 1937 alijiunga na shule ya serikali ya Tabora, kisha mwaka 1943 akaenda Makerere, Uganda, kusomea ualimu.

Awa mwalimu

Alirudi Tabora kufundisha katika shule ya St. Mary's. Mchana alikuwa na wanafunzi wake wa darasani, na jioni aliwafundisha Kiingereza watu wazima wa mjini bila malipo. Baada ya kusoma Edinburgh, Uingereza, alifundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. Mwaka 1955 aliacha kazi ili kuiongoza TANU, lakini jina la Mwalimu halikumwacha.

Shule isiwe ya wachache

Akiwa Rais, mwaka 1967 alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Wakati huo, kati ya watoto 100 waliomaliza shule ya msingi, kama 87 hawakupata nafasi ya sekondari. Mwalimu aliona kasoro kubwa: masomo yalipangwa kwa ajili ya wale wachache wanaoendelea. Alitaka shule ya msingi imfae kila mtoto, hata anayerudi shambani.

Kwa watu wazima wazo hilo lilionekana wazi. Kuanzia mwaka 1968, Kanda ya Ziwa, Mara ikiwemo, iliendesha mradi wa kisomo pamoja na UNESCO. Vitabu vilifuata kazi za watu: mkulima wa pamba alijifunza kusoma kupitia pamba, mvuvi kupitia samaki, mfugaji kupitia ng'ombe. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 uliwapanga wanakisomo kwa hatua nne, na wa hatua za chini wakaendelea na masomo. Mwaka 1967 karibu watu wazima 7 kati ya 10 hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1975 walibaki kama 4 kati ya 10.

Kazi iliyobaki

Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote. Watoto wengi waliingia shuleni, lakini walimu na madawati hayakutosha. Katika darasa lililojaa, ni vigumu mwalimu kujua nani amebaki nyuma.

Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na kuzikwa Butiama. Yeye alisogezwa mbele kwa sababu alipimwa, ikaonekana anaweza nini. Anayebaki nyuma anahitaji kupimwa vivyo hivyo: asome sentensi mbili mbele ya mwalimu, kisha apewe kazi anayoiweza, huku mwenzake akipewa ngumu zaidi. Wanaojua wanaweza kukaa na wasiojua, na neno gumu likaelezwa kwanza kwa lugha ya nyumbani.

Nawe mzazi, ukifika shuleni usiulize tu mtoto amekuwa wa ngapi. Uliza anasoma nini sasa, na anakwama wapi.